Aliyeandika KARIBU

Ukipita Kondele ukaona
KARIBU MTEJA, SAMAKI MOTOMOTO,
herufi nyekundu zenye kivuli cha njano,
jua ni mimi niliyekuita.
Mimi huyuhuyu
ambaye Mama Akeyo, mwenye hoteli,
alimlalamikia shangazi yangu:
"Kijana wenu amekaa juu ya ngazi yangu siku mbili,
hajaniuliza hata nimeamkaje."

Kweli, sikumuuliza.
Nilikuwa napima kwa kidole gumba
umbali kati ya M na T,
na kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeona
kwamba hakulala:
alipasua yai nje ya bakuli,
akalifuta kwa leso ileile aliyofutia jicho.
Kwa hiyo K yake niliiongezea mguu,
apate pa kuegemea.

Kwenye matanga ya babu, huko Seme,
wajomba walikishika kipaza sauti
wasikiachie, hadi jenereta ikakohoa.
Zamu yangu ikafika.
"Ochola, mjukuu aliyesoma. Neno moja tu."
Nikasimama.
Neno likakaa chini.
Na mnong'ono ukazunguka hema kama kapu la sadaka,
kila mtu akitia chake:
jasunga, anaringa,
labda karogwa,
mji umemfundisha kutuona bure.

Usiku ule, walipolala pale walipochokea,
niliuchukua msalaba ulioandikwa ovyo,
nikaufuta kwa tapentaini,
nikaliandika jina upya kwa mwanga wa simu.
OYIER.
O ya mviringo kama kigoda chake.
Y yenye panda, kama manati aliyonichongea
nikiwa na miaka sita, tukiwa kimya wawili,
kutwa nzima, bila mmoja kumwona mwenzake mgonjwa.
Asubuhi mjomba mkubwa alisimama mbele yake
akavua kofia.
Hakuuliza ni nani.
Sikusema.

Mchungaji ametaka kuniwekea mikono,
ati nina pepo wa ububu.
Shangazi anataka nioe upesi,
nipate wa kunisemea.
Ningewaambia hivi, kama ningeweza kuwaambia:
kila salamu hunitoka mfukoni.
Si kwamba ni mchoyo. Kibeti ni kidogo,
na Jumapili, soko la Kibuye likijaa,
saa nne haijafika nimefilisika,
nacheka kwa mkopo.
Narudi Manyatta, nafunga komeo,
nakaa na harufu ya rangi,
najaa tena polepole
kama mtungi chini ya bomba linalodondoka.
Halafu mtu anagonga:
"Uko peke yako? Pole sana!"

Pole ya nini?

Mwezi uliopita fundi wa mabati
alinipa bati moja lenye kovu la msumari.
Nikalipaka buluu, lote,
mara tatu, nikingoja kila koti likauke.
Watu wakapita wakisoma wasichokiona.
"Unauza nini wewe?"
"Rangi imekuishia?"
"Tangazo gani hili, tupu kama tumbo la Januari?"
Nikaendelea kuosha brashi.

Si tupu.
Kule chini, kwenye kona ya kulia,
nimeandika neno moja kwa brashi ya nywele tatu:
nipo.
Huwezi kulisoma ukiwa barabarani.
Itabidi uvuke mtaro, usogee, uiname kidogo,
uwe karibu kiasi cha kusikia redio yangu
ambayo huwa naifungua chini chini.

Juzi binti wa fundi cherehani aliinama hivyo.
Akakaa hapo muda.
Kisha akaenda zake bila kubisha,
na mimi, nyuma ya pazia,
nikashukuru mara mbili.

Mvua ya jana imebabua n kidogo.
Nitaipaka Jumatatu.